Upepo Ukiezua Paa



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa akina baba na mafundi, nalo ni paa la nyumba linapoharibiwa na upepo. Tumelichagua kwa sababu upepo hauulizi kama baba yupo nyumbani au yupo safarini. Unaweza kuja alasiri, wewe uko jikoni na watoto ndiyo kwanza wametoka shule, na uamuzi wa kwanza utaufanya wewe. Tena yako madhara yanayokuja baada ya upepo kutulia, katika zile siku mbili tatu za haraka na machozi, na hayo ndiyo tunayoweza kuyazuia.

Nchi yetu ya Tanzania inazijua dhoruba. Kimbunga kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Lakini si lazima mtu akae pwani ndipo aezuliwe nyumba. Mwezi Machi 2015, usiku, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilishuka Mwakata, wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, mbali kabisa na bahari, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wengi wao waliangukiwa na nyumba zao zilizojengwa kwa udongo.

Tunaanza na Mwakata kwa makusudi. Mama akiona paa limekwenda, jicho lake linabaki juu, kumbe hatari imehamia kwenye kuta. Tofali la udongo lisilochomwa likinywa maji hupoteza nguvu, na ukuta uliokuwa umeshikwa na kenchi sasa umesimama peke yake. Ukuta kama huo waweza kusimama mvua ikinyesha, halafu ukaanguka baada ya saa kadhaa, au hata siku ya pili jua likiwa linawaka. Kwa hiyo wahesabu watoto, watoe wote, na msirudi kulala humo hata kama chumba kimoja bado kina bati. Ukiona ufa mpya, au ukuta umeinama, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa haufungi, hiyo si nyumba ya kulala. Nenda kwa jirani, nenda kanisani. Kuomba hifadhi si aibu.

Jambo la pili ni umeme. Katika nyumba zetu nyingi waya wa kutoka kwenye nguzo huingilia juu, karibu kabisa na bati. Upepo ukivuta bati, waya hukwaruzwa au hukatika, na bati zima linaweza kubeba umeme bila dalili yoyote ya kuonekana. Usimruhusu mtu yeyote kushika bati lililoangukia waya, wala kulisukuma kwa mti uliolowa. Kama swichi kubwa iko mahali pakavu na unaweza kuifikia bila kukanyaga maji, izime. Kama sivyo, iache, simama mbali, ukawaite TANESCO. Wenye paneli za sola wakumbuke kwamba paneli haizimwi kwa swichi ya ndani. Maadamu kuna mwanga wa jua inaendelea kutoa umeme, hata ikiwa imelala chini uani na kioo kimepasuka. Ifunikwe kwa blanketi zito mpaka fundi wa sola afike. Na kama una mtungi wa gesi, funga koki yake kabla hujafikiria kuchemsha chai ya kuwatuliza watu.

Halafu kuna misumari. Uwanja wote umejaa misumari ya bati, mingine imesimama na ncha juu, na watoto wetu hawapendi viatu. Wavalishe viatu kwanza, hata kama ni vya shule. Tumeona akina mama wakichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, wakaifunga kwa kamba, wakaikokota uani kama mtoto anavyokokota gari la kuchezea, na misumari ikanata yenyewe. Aliyechomwa aoshwe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo aulizwe habari za chanjo ya pepopunda. Mafuta ya taa na majivu si dawa ya jeraha la msumari.

Sasa tuje juu ya paa penyewe. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili damu ya mtu atakayeanguka isije ikawa juu ya nyumba yake. Sisi paa zetu hazina ukingo, na tena zina utelezi. Bati lililolowa ni kama sabuni, na mbao iliyopasuka ndani haionekani kwa nje. Msipande mvua ikinyesha, wala jioni giza likiingia. Wala usimhimize mumeo kwa maneno ya kumwambia kwamba wanaume wenzake wameshapanda. Kitanda kilicholowa hukauka.

Kama kuna turubai, litandikwe kutoka chini kwa ngazi iliyoshikwa na mtu mwingine, lipite juu ya kilele cha paa lianguke pande zote mbili, na kingo zake zifungwe kwa kamba kwenye mbao imara. Turubai lililolazwa juu ya tundu peke yake litakusanya maji yote na kuyamimina sebuleni. Vitu vya ndani visogezwe upande mkavu. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, kadi za kliniki na vitabu vya benki vitoke kwanza, ndipo yafuate magodoro na unga. Karatasi zilizolowa usizianike juani wala usizipige pasi. Zitandaze kivulini moja moja. Dari la jipsamu lililovimba kwa maji nalo ni zito sana, msipite chini yake.

Kabla uwanja haujafagiliwa, piga picha. Siku hizi hata simu ndogo hupiga picha, na kama yako haipigi, ya jirani itapiga. Piga nyumba kwa mbali pande zote nne, halafu kwa karibu, pamoja na vyombo vilivyoharibika. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ukaandikishwe, na utoke na karatasi yenye tarehe na muhuri. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, lakini kamati haiwezi kumkumbuka mama ambaye jina lake halikuandikwa. Hatuahidi kwamba msaada utakuja. Tunasema jina liwepo.

Wengi wetu hatuna bima ya nyumba. Hata hivyo, mkiwa mlijenga au mlinunua kwa mkopo wa benki, inawezekana nyumba ina bima ambayo mama hajapata kuiona karatasi yake. Muulize baba watoto kwa upole, isomeni pamoja, mtazame kama dhoruba imo, maana bima ya moto peke yake huenda isilipe upepo. Ikiwamo, wapeni taarifa mapema kwa maandishi, mtunze risiti ya turubai, na msitupe mabati yaliyopinda mpaka mkadiriaji wa hasara ayaone. Mkiona mnazungushwa, malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, mama mwenzetu.

Watu wengi hudhani kwamba upepo husukuma paa. Kwa kweli hulinyanyua. Upepo ukipita kwa kasi juu ya nyumba huvuta bati kwenda juu, na ukikuta dirisha au mlango uko wazi upande ule unakotoka, huingia ndani na kusukuma kutoka chini. Paa linavutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja. Mvuto huo ni mkali zaidi pembezoni, kwenye kona na kwenye kilele. Ndiyo maana mawe na matairi tunayoyaona juu ya nyumba nyingi hayazuii upepo wa kweli, bali siku ile ikifika hugeuka kuwa kitu cha kumwangukia mtu. Paa hushikwa kwa mnyororo: bati limeshikwa na papi, yaani zile mbao nyembamba linapopigiliwa, papi zimeshikwa na kenchi, kenchi na mbao ya juu ya ukuta, mbao hiyo na lenta, lenta na ukuta wenyewe. Upepo hutafuta pete moja tu iliyo dhaifu.

Basi paa lililoanguka linaweza kukuambia pete gani ilikatika, ukilitazama kabla fundi hajalikusanya. Okota bati moja. Kama misumari imebaki kwenye papi na matundu ya bati yamechanika, bati lilikuwa jembamba mno au misumari ilikuwa michache. Kama bati limeondoka na misumari yake, misumari ilikuwa mifupi, au mbao ilikuwa mbichi ilipopigiliwa, nayo ilipokauka ikaachia. Kama bati limeruka pamoja na papi, basi tazama pale papi ilipokutana na kenchi, na aghalabu utakuta msumari mmoja tu. Kama kenchi zenyewe zimekwenda, zilikuwa zimewekwa juu ya ukuta kama sufuria juu ya mafiga, bila kufungwa. Na kama paa limeondoka na matofali ya juu, kenchi zilifungwa, lakini zilifungwa kwenye matofali ambayo hayakuwa na lenta ya kuyashika.

Mwanamke yeyote anaweza kuyaona haya kwa macho yake. Hayahitaji shule ya ufundi.

Na kuna sababu nyingine ya kuyatazama. Upepo ukipita huezua nyumba moja ukaacha ya jirani, na hapo maneno huanza. Kwa nini yetu? Nani ametutumia? Katika sehemu za nchi yetu maneno hayo yamewaponza bibi vizee wasio na hatia, nao wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Nasi Wakristo tuna maneno yetu ya namna hiyo, pale tunaponong'ona kwamba lazima iko dhambi iliyofichika katika nyumba ile. Tusome kitabu cha Ayubu. Upepo mkubwa uliipiga nyumba waliyokuwamo watoto wake ikawaangukia, rafiki zake wakaja na maelezo marefu juu ya dhambi zake, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea wao. Ukitaka kujua kwa nini paa la jirani limebaki, omba ruhusa uangalie kenchi zake zimefungwa namna gani, na madirisha yake yalikuwa yamefungwa au la. Kwa kawaida jibu liko pale.

Ukishajua pete iliyokatika, ndipo uzungumze na fundi. Mama mmoja mjane katika usharika wa jirani aliezuliwa vyumba vitatu. Fundi alikuja siku ile ile akamwambia, "Mama, bati zako nyingi ni nzima, misumari nitainyoosha, nipe kesho tu na utalala ndani." Mama akamuuliza, "Mwanangu, hebu nionyeshe hizi kenchi zilifungwa wapi." Fundi akatazama juu ya ukuta, akanyamaza, kisha akasema, "Hazikufungwa, mama." Yule mama alikuwa na fedha za kikoba, si nyingi. Aliamua kununua kwanza nondo, waya na mbao, na mabati machache baadaye. Vyumba viwili viliezekwa vikafungwa vizuri, cha tatu kikabaki chini ya turubai mpaka mavuno. Wako waliomcheka kwamba ametumia fedha kwa vitu visivyoonekana. Sisi tunaona aliamua vema, ingawa tunajua miezi ile chini ya turubai na wajukuu haikuwa miepesi.

Yako mambo ya kumwambia fundi waziwazi. Msumari usirudishwe kwenye tundu lake la zamani, maana halishiki tena. Upigiliwe mahali papya, nao uwe mpya. Msumari ulionyooshwa umeshachoka, na ule wenye shina lililosokotwa hushika vizuri kuliko ulio laini. Upigwe juu ya mgongo wa bati wala si bondeni maji yanapopita. Pembezoni, kwenye kona na karibu na kofia, misumari iwe ya karibu karibu kuliko katikati. Kila papi inapokutana na kenchi iwe na zaidi ya msumari mmoja, au ifungwe kwa mkanda wa chuma. Kenchi ifungwe kwenye lenta kwa nondo nyembamba au mkanda. Kama nyumba haina lenta na fedha ya kuijenga haipo, waya uliokunjwa mara kadhaa ushuke ukutani kozi kadhaa za matofali, ukafungwe kwenye kipande cha nondo kilichopitishwa ukutani. Kama hata huo hautoshi nyumba nzima, anzeni na kona na kenchi za mwisho.

Baraza nayo itazamwe. Paa la baraza lililo refu na wazi chini hukamata upepo kama mwavuli, na likiwa limeunganishwa na paa kubwa huling'oa pia. Ni afadhali liezekwe peke yake, kusudi likienda liende peke yake.

Katika kununua bati, kumbuka kwamba namba ya geji inakwenda kinyume na tulivyozoea kuhesabu. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Tafuta alama ya Shirika la Viwango, TBS, na dai risiti. Baada ya dhoruba kubwa bei hupanda na mafundi wageni hujitokeza. Nunua vifaa mwenyewe, mlipe fundi kwa kadiri kazi inavyokwenda, na usimalizie malipo kabla hujaonyeshwa vifungo kwa macho yako, kabla dari halijavifunika. Mabati ya zamani yasiyochanika yanafaa jikoni na kwenye banda la kuku.

Neno moja kwa wale wanaokaa katika nyumba za zamani za misheni, za shule au za serikali, zilizoezekwa kwa asbesto, yale mabamba ya kijivu kama ya saruji. Yakivunjika hutoa vumbi lenye nyuzi zisizoonekana, ambazo zikivutwa huweza kuleta magonjwa ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Msiyafagie makavu, msiyakate kwa msumeno, wala msiyageuze kuwa jiwe la kufulia au sakafu ya banda. Yamwagiwe maji, watoto wakae mbali, na muulize ofisi ya mazingira ya halmashauri namna ya kuyaondoa.

Paa likisharudi, maji ya mvua mbili tatu za kwanza usiyakinge kwa kunywa. Yatakuja na vumbi la chuma, mafuta ya bati jipya na takataka za fundi. Yafae kumwagilia bustani. Na kama choo au kisima kilifurika siku ile ya dhoruba, maji yote ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Halafu watoto. Usishangae mtoto aliyeshuhudia paa likiondoka akilia kila wingu linapotanda, au akianza tena kukojoa kitandani. Usimkemee. Sali naye, lakini pia mpe kazi. Mwonyeshe waya uliofungwa kwenye kenchi aushike kwa mkono wake. Kubalianeni ni chumba gani mtakimbilia, kilicho cha ndani, chenye kuta imara, mbali na madirisha, na meza nzito ya kuingia chini yake. Upepo ukianza, madirisha na milango yote ifungwe mapema, na kazi hiyo mtoto wa miaka minane anaiweza vizuri kabisa.